Kwa dada aliye edani, kuhusu yule bwana wa kiti cha juu kulia

Dada, shikamoo.

Nimesikia umeanza kumwangalia tena. Aliyeniambia usimgombeze, hakuwa na nia ya kusengenya. Tulikuwa tunaongea habari za ada ya chuo, mara akacheka peke yake, akasema: "Mjomba, mama usiku halali. Anajifunika kanga gubigubi, simu humo humo ndani, anaangalia wale Wazungu wenu wa mwaka arobaini na saba." Nikamuuliza Wazungu gani. Akasema yuko mmoja ana miwani kama sahani na kiko mdomoni, na mama akimwona huyo tu mabega yanamtikisika.

Nilikuwa kwenye gari, nje ya kazini. Nikazima injini nikakaa. Niliingia zamu nimechelewa robo saa, na msimamizi wangu si mtu wa kuelezwa habari za kanga.

Pole tena ya shemeji. Najua nilishaitoa, lakini pole zetu za simu siku hizi ni kama risiti: nimetoa, umepokea, tumeagana. Shemeji alikuwa mwema kwangu. Yeye ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege Columbus, Marekani, ile Januari, koti la ziada mkononi, wewe ukiwa kazini, na njiani akaninong'oneza nisije nikakuuliza mshahara wako. Nimemlilia, dada. Sikukwambia, maana mimi na wewe tuna hesabu ndefu ya nani alilia lini.

Wasomaji wengine hamjui ninachosema, basi niwape kidogo halafu mniachie dada yangu. Kulikuwa na kipindi cha mashindano kwenye televisheni ya Marekani, Match Game, kilichorushwa na CBS kuanzia 1973 hadi 1979, kikaendelea kwenye vituo vingine mpaka 1982. Sisi tulikuta marudio tu, kwenye chaneli ya Game Show Network. Mchezo wenyewe mtoto wa darasa la pili anauweza. Mwendeshaji, Gene Rayburn, ana kipaza sauti kirefu chembamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi, anasoma sentensi yenye pengo. Watu maarufu sita wamekaa safu mbili, watatu juu, watatu chini, kila mmoja anaandika kwenye kadi neno la kujaza pengo. Mshindani naye anataja lake. Kadi ikilingana na jibu lake, pointi moja. Kwa miaka mingi zawadi ya mwisho ilikuwa dola 5,000, lakini hakuna aliyekaa pale kwa ajili ya pesa za mwenzake. Watu walikaa kuona wale sita wanavyotaniana, na sisi tulikaa kwa ajili ya kiti cha juu kulia, cha mwigizaji Charles Nelson Reilly.

Dada ndiye aliyenianzisha. "Hiki ndicho chuo chako cha Kiingereza," uliniambia, maana sentensi ni fupi, zinasomwa polepole, na jibu linaandikwa kwa herufi kubwa. Ulisema kweli. Kiingereza cha kwanza nilichokidaka mwenyewe, bila wewe kunitafsiria, ni pale Rayburn aliposoma kwamba Dora Mjinga alikuwa mjinga sana, na ukumbi mzima ukaitikia kama waitikiaji wa maulidi: "Alikuwa mjinga kiasi gani?" Nikaitikia nao. Wewe ukageuka ukanitazama kama nimepasi mtihani. Saa tano asubuhi, tumetoka zamu ya usiku kule kwa wazee, viatu bado miguuni vinanuka dawa ya sakafu.

Unamkumbuka jirani yake, yule mama Brett Somers, miwani mikubwa kuliko ya mwenzake na sauti ya kukwaruza. Walivyokuwa wakigombana kama wake wenza! Reilly akipatwa na jibu baya haoni haya, anaigeukia kamera taratibu, kiko mdomoni, uso wa mtu aliyefika nyumbani akakuta shati la mtumba alilonunua lina tundu mgongoni. Hasemi neno. Sisi tumeshaanguka.

Na kofia. Mwaka 1974 alikwenda New York kupimwa nywele mpya za bandia, zile za zamani akawa ameshazivua, basi kwenye kurekodi akawa anatokea na kofia, hii, mara ile. Tangu hapo kipara chake kikawa utani wa kudumu wa kipindi. Siku tulipoiona ile mara ya kwanza ulishika mdomo. "Baba," ukasema. "Wallahi huyu ni baba mwenye miwani." Baba yetu, ambaye hakuna aliyepata kuuona utosi wake mchana, ambaye akitoka kuoga kofia ilitangulia kabla ya taulo. Tulicheka mpaka shemeji akatoka chumbani na msuli kuuliza nani kafa. Kuanzia siku ile hatukumwita Reilly tena. Tulimwita Baba Kofia.

Wewe ndiye uliyempa jina hilo. Naliandika mbele za watu makusudi, ili siku nyingine asitokee mtu akasema hukujua.

Reilly alikufa Ijumaa, 25 Mei 2007, Los Angeles, ana miaka 76. Baba alikufa alfajiri ya Jumanne iliyofuata, Tanga. Wewe ulikuwa umeshafika wiki mbili kabla, maana ulikuwa na makaratasi ya kwenda na kurudi. Mimi sikuwa nayo. Hilo si kosa langu na si kosa lako. Ningetoka nisingerudi, na nisingerudi nani angelipa deni la hospitali, nani angenunua sanda? Nilituma. Risiti ya kutumia pesa ile ninayo mpaka leo, na usiniulize naiwekea nini.

Miezi ile Tanga inaitangulia Columbus kwa saa saba. Mlimzika baada ya alasiri, huku ni asubuhi, ndiyo kwanza natoka zamu. Nikakaa kwenye lile kochi na sare ya kazi. Shemeji yuko barabarani na lori, Nebraska huko. Sikujua mtu anafanya nini peke yake siku kama ile. Hakuna jeneza la kupokezana, hakuna mchanga wa kutia, hakuna hata mtu wa kukushika bega. Nikawasha televisheni ili nyumba isiwe kimya. Ndiyo, najua. Lakini wewe umewahi kukaa na msiba kwenye nyumba ambayo kitu pekee kinachonguruma ni friji? Siku hizi labda umeshakaa.

Na nani akatokea? Yeye. Marudio ya 1974. Amevaa kofia.

Simu ikalia saa saba mchana, kwenu saa mbili usiku, watu wamekaa mkekani baada ya isha. Sikujua umeweka spika. Sikujua simu iko katikati ya mkeka, baba mkubwa upande huu, upande ule shehe aliyesoma talakini, kinamama nyuma ya pazia, wote wanangoja mtoto wa kiume wa marehemu aliyeko Marekani aseme neno. Rimoti ilikuwa imeangukia nyuma ya kochi. Mkono mmoja umeshika simu, wa pili unapapasa rimoti kwenye vumbi na maganda ya karanga zako, na hapo ukumbi mzima wa Wamarekani wa zamani ukaangua kicheko katikati ya matanga ya baba yangu.

Ukasema, "Anacheka."

Hukuniambia mimi. Uliwaambia wao. "Udongo wa kaburi haujakauka, mwenzenu yuko na televisheni, anacheka." Kimya. Halafu sauti ya baba mkubwa: "Mwacheni." Nimewahi kutukanwa matusi ya nguoni, dada, na hayakuwa mazito kama ile "mwacheni".

Miaka yote hii najitetea kwamba sikuwa mimi, ilikuwa televisheni. Leo nasema ukweli, kwa vile na wewe umekamatwa. Nilikuwa nacheka. Nalia na kucheka pamoja, kamasi mpaka kidevuni, kwa sababu Baba Kofia alishika ukingo wa kofia akaiinua kidogo akairudisha, vile vile kama baba akipita mbele ya wakwe zake. Na katika watu wote waliokaa mkeka ule kulikuwa na mmoja tu wa kuwaambia, "Kinachomchekesha nakijua, mimi ndiye niliyeanza." Mmoja tu. Naye ndiye aliyeshika simu.

Baadaye nilimsoma sana yule bwana. Usicheke. Nilisoma Yasini, kisha nikamsoma Reilly. Alikuwa na miaka 13 pale hema la sarakasi lilipowaka moto Hartford, Connecticut, tarehe 6 Julai 1944. Turubai lilikuwa limepakwa nta iliyoyeyushwa kwa petroli ili lisivuje, unaweza kufikiri. Walikufa watu zaidi ya 160. Yeye alitoka hai, na tangu hapo akakwepa kukaa kwenye viti vya watazamaji. Mtu aliyepata tuzo ya Tony, ile ya michezo ya jukwaani, 1962, mwongozaji wa tamthilia, mwalimu wa waigizaji, na ukumbini hakaliki! Kwa hiyo kila tulipokuwa tukimwona pale juu kulia anawatazama watu wanaocheka, alikuwa amekaa upande wa ukumbi ambao yeye aliuweza.

Tena alipokuwa kijana, mkubwa mmoja wa televisheni alimwambia waziwazi kwamba watu wa namna yake, wanaume wanaopenda wanaume, hawawekwi kwenye televisheni. Alisimulia hayo mwenyewe uzeeni, kwenye onyesho lake la jukwaani. Miaka ya baadaye alikuwa akishika gazeti la ratiba za vipindi anahesabu wiki ile ataonekana mara ngapi. Ile hesabu naielewa. Na mimi huhesabu: harusi ngapi sikutajwa, khitma ngapi nilitumiwa picha baada ya watu kula, watoto wangapi wa kina baba mdogo wananijua kwa jina la "yule wa kucheka".

Lakini sikuandika kwa ajili ya hayo. Nimeandika kukushauri. Najua wewe ni mkubwa, ila aliye edani hushauriwa na kila mpita njia, acha na mimi nipite. Mwangalie, lakini sauti punguza. Wifi zako wamelala chumba cha pili, na ukuta wa nyumba ile hauzuii hata chafya. Nimemtumia binti pesa akununulie spika za masikioni, zile za waya, zisizo na waya zitakuangukia kitandani. Na simu uitazame vizuri, kidole kikiteleza tu umempigia mtu bila kujua, halafu asikie. Kitu cha kuzimia kiwe karibu na mkono siku zote. Unaona, ningekuwa na rimoti siku ile ningezima, ningesema "Inna lillahi" yangu vizuri, na ningekuwa mtoto mwema mpaka leo. Jambo lote lilikuwa rimoti.

Hapana, halikuwa rimoti.

Nimerudi kusoma juu, naona nimekuanika. Nisamehe. Nilikuwa naongea na wewe, nikasahau kuna watu. Jamani, dada yangu hajakosa kitu. Eda inakataza mapambo na manukato na kutokatoka nje, na yeye hata wanja hajagusa. Mawifi, kama mmefika mpaka hapa, nendeni mkaangalie chungu jikoni.

Jambo jingine nilitaka kukwambia siku nyingi. Brett Somers alikufa tarehe 15 Septemba mwaka ule ule, 2007. Hawakuwa mume na mke, yeye na Reilly, ni kukaa tu viti vya jirani miaka yote ile na kugombania kadi. Lakini nilihesabu kwa vidole: haikutimia hata miezi minne. Angekuwa mkewe, na eda ni miezi minne na siku kumi, angekufa ndani ya eda. Hesabu hiyo niliifanya usiku, zamuni, kuna bibi mmoja pale aliyekuwa akiwaangalia wawili hao tangu ni mama wa watoto wadogo, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, nani sasa anakaa juu kulia.

Kula, dada. Binti anasema uji unaurudisha nusu kikombe.

Mwambie akutafutie vile vya 1974, vya kofia. Viko vingi, na vingine picha imepauka kama kanga ya mwaka juzi. Ukifika pale anaposhika ukingo wa kofia, nipigie, saa yoyote baada ya isha. Huku itakuwa mchana, nitakuwa nimeamka. Ila usiweke spika.