Usiiuze ile mashine

Mwembe Tayari, Mombasa
Jumapili usiku

Ndugu yangu Swaleh,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillah, joto tu ndilo linalotuonea. Mama amenituma nikwambie kitambaa kimefika na fundi ameshapewa. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nikishaingia kwenye langu nitalisahau.

Ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi. Umeeleza habari za kuhama nyumba huko Muscat, makabati, mazulia, kisha katikati, kama mtu anayetaja ndoo, ukasema ile mashine ya gemu umeshampata kijana wa kuinunua, na kwamba utaifuta kwanza umpe ikiwa tupu. Yakhe, usiiuze. Kama umeshapokea pesa, mrudishie kijana wa watu pesa zake, mimi nitakulipa hizo hizo. Na ukiuza au usipouza, usiifute! Sikupigii simu kwa sababu kwenye simu tutaingia mengine, na hili nataka ulisome mara mbili.

Unajua yangu iliungua ule usiku umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo. Niliifungua mwenyewe hapa dukani. Bodi ilikuwa imeshika weusi pale umeme unapoingilia, na diski ya ndani haizunguki hata kidogo. Mchezo wetu wa mpira ulinusurika kwa kuwa diski yake ilikuwa kwenye kasha, nikajipa moyo kwamba siku moja nitapata mashine nyingine na tutaendelea. Mwezi uliopita mteja akaleta mashine kama ile nimsafishie feni. Nilipomaliza nikamwomba ruhusa, nikatia diski yetu. Muziki ule ule ukaanza, mikono ikanisisimka. Nikachagua ligi yetu. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha yakatokea maandishi kwamba huduma haipatikani tena.

Nikasema haya, nicheze peke yangu. Hata hapo, Swaleh, haukuwa mchezo tuliouacha. Kipa anaachia mashuti ya mbali kama tulipoununua wiki ya kwanza, na wachezaji wamerudi timu zao za zamani. Kwenye diski mna mchezo kama ulivyotoka kiwandani, basi. Masahihisho yote ya miaka ile yalishuka kwa intaneti yakakaa ndani ya mashine zetu, na mlango wa kuyashusha tena umefungwa. Mashine yangu ni majivu. Ninayemjua mwenye mchezo ule ukiwa mzima ni wewe peke yako, nawe unataka kuufuta.

Timu yetu yenyewe, Mji wa Kale, sina tamaa nayo tena. Ile ilikuwa kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni yenye mchezo. Miaka minne ya Ijumaa baada ya Isha, wewe huko na mimi Kibokoni, mama akinigongea ukuta nipunguze kelele. Tangu waya wa TEAMS, ule wa intaneti unaopita chini ya bahari, ufike Mombasa mwaka 2009 ukitokea Fujairah, tulidhani bahari imekwisha kati yetu na Ghuba. Kumbe kukutana kwetu kulikuwa mkononi mwa mtu wa tatu, na siku alipochoka alifunga mlango akaondoka na funguo.

Nikwambie na jambo lililotokea nyumbani, maana ndilo lililonifanya nisiuone huu kuwa upuuzi wa utoto wetu. Binti yangu alikuwa na mchezo kwenye simu ya mama yake, wa kujenga nyumba na kualika wenzako. Siku moja ukaja ujumbe kwamba mwisho wa mwezi unafungwa. Hakulia. Usiku wa mwisho alinijia na simu akaniomba nimrekodie skrini. Akaanza kutembea ndani ya nyumba yake chumba kwa chumba, pole pole, akinieleza: hapa nilinunua kitanda nilipopata alama nyingi siku ya Idi, hapa rafiki yangu wa Kisauni aliniachia ua, hili dirisha nililikosea. Alifungua kila kabati. Tulikwenda dakika 41. Tulipofika mlangoni alisimama, akarudi ndani kuzima taa za jikoni, kisha akaniambia niache kurekodi. Asubuhi mchezo ulikataa kufunguka, akaniuliza, "Baba, wamezima taa tu, au wameibomoa?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nasoma, nauliza, nafuatilia.

Sisi tulilelewa na gemu za namna nyingine. Kumbuka kile chumba cha Bondeni, PlayStation 2 iliyotiwa ndani ya kisanduku cha mbao, shilingi 10 mechi moja, anayefungwa ampishe mwengine. Kila kitu kilikuwa mle chumbani. Mchezo kwenye diski, kumbukumbu ya ligi kwenye kadi ya megabaiti 8 ambayo mwenye chumba aliivaa shingoni kwa uzi asije mtu akaifuta. Diski ikikwaruzika tunaisugua kwa dawa ya meno. Juzi kijana aliniletea moja kama ile, imekaa stoo ya babu yake miaka mingi, imejaa vumbi la mkaa. Nikafuta lenzi kwa pamba na spiriti, nikaipandisha kidogo, ikasoma. Haikuomba ruhusa ya mtu yeyote. Na nitasema ukweli wote: diski nyingi tulizochezea zilikuwa za kunakili, na kuiba jasho la mtu si jambo la kusifu. Lakini nimeona kwa macho yangu kwamba michezo ile imefika leo kwa sababu ilisambaa mikononi mwa watu wengi, kama kanda za taarabu za harusi zilivyotufikia.

Mchezo wa seva umekatwa vipande viwili. Kipande kimoja unanunua, cha pili kinabaki kwa mwenyewe. Kile cha kwake ndicho kinachojua wewe ni nani, una nini, umpe mpinzani gani, na mara nyingine hata kama unaruhusiwa kuufungua mchezo. Akikizima, chako kinabaki kuuliza maswali yasiyo na mtu wa kuyajibu.

Kisa kilichowaamsha watu ni cha The Crew, mchezo wa magari wa kampuni ya Ubisoft uliotoka Desemba 2014. Ulidai intaneti hata ukicheza peke yako. Waliutoa sokoni Desemba 2023, seva zikazimwa tarehe 31 Machi 2024, na baada ya hapo leseni zikaondolewa kwenye akaunti za watu waliokwisha kulipa. Mmarekani mmoja aishiye Poland, Ross Scott, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, yaani acheni kuua michezo, mwezi uliofuata. Wakapeleka ombi la wananchi kwenye Umoja wa Ulaya, linalotaka sahihi milioni 1, na muda ulipokwisha Julai 2025 walikuwa wameivuka. Novemba mwaka huo Bunge la Uingereza nalo likalijadili suala hilo.

Nimesoma wanachodai kwa makini, kwa sababu nilidhani wanataka seva ziwake milele, na hilo nisingeliunga mkono. Seva inakula umeme, inataka watu wa kuilinda, na leseni za timu na nyimbo zina tarehe ya mwisho. Mimi nina duka, najua gharama. Wao wanasema hivi: unapofunga, uache mchezo ukiwa katika hali ya kuchezeka. Ondoa lile sharti la kuunganishwa, au waachie wachezaji njia ya kuendesha seva yao wenyewe. Na linawezekana. Gran Turismo Sport, mchezo mwingine wa magari, seva zake zilipozimwa Januari 2024, walitoa sahihisho lililowezesha mtu kuhifadhi mchezo kwenye mashine yake bila mtandao. The Crew 2 nayo ilipewa namna ya kuchezwa nje ya mtandao mwaka 2025, baada ya kelele zote zile. Basi usiambiwe ni kitendawili. Ni kazi, inataka kupangwa mapema, wakati waandishi wa programu bado wako kazini na wanakumbuka kila waya umepita wapi.

Mashabiki nao hawakai bure. City of Heroes, mchezo wa mtandaoni wa mashujaa, ilifungwa Novemba 2012, watu wakaiendesha kwa siri miaka mingi, na Januari 2024 mwenye mali mwenyewe, NCSoft, akawapa leseni mashabiki wa kundi la Homecoming waiendeshe hadharani. Hilo lilinifurahisha mno, kwamba mlango unaweza kufunguliwa na yule yule aliyeufunga. Na kile kisa cha Halo 2, mchezo wa kupigana risasi, sijui kama nilikusimulia. Huduma ya mtandao ya Xbox ya kwanza, mashine ya gemu ya Microsoft, ilikatwa tarehe 15 Aprili 2010, ila waliokuwa tayari ndani hawakutolewa mara moja. Basi kundi dogo halikuzima mashine. Walilala zinawaka, wakaenda kazini zinawaka, wanapungua mmoja mmoja, hii imepata moto, yule laini imekatika. Wa mwisho alitoka tarehe 11 Mei. Nikikisoma hicho nakuona wewe.

Kuna shirika la historia ya michezo ya video kule Marekani, Video Game History Foundation, lililopima mwaka 2023 likakuta asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa nchini humo kabla ya 2010 haiuzwi tena popote. Na humo nyingi ni za diski na kaseti, ambazo angalau mtu anaweza kuziokota. Wiki iliyopita nilimpeleka binti Fort Jesus, tukasimama mbele ya vitu vilivyotolewa kwenye ile meli ya Wareno iliyozama mwaka 1697, wakati wenyeji wako Waomani wameizingira ngome. Mitungi na sahani zilikaa chini ya bahari karibu miaka 280 kabla wapiga mbizi hawajazitoa. Sahani ya mabaharia ipo, naweza kuiona kwa tiketi ya mlangoni. The Crew, mchezo uliochezwa na mamilioni, haukufikisha miaka kumi. Mtu akiniambia ni gemu tu, namuuliza bao la babu lile la mti tumelitunza kwa nini.

Sasa nisikilize kuhusu mashine. Najua utasema utoe diski ya ndani uitume peke yake, ni nyepesi. Haitafaa. Imefungwa kwa ufunguo ulioko kwenye bodi ya mashine ile ile. Ukiitia kwenye nyingine, hiyo itataka kuifuta kwanza. Nataka mashine nzima. Tangu leo ichomoe kwenye ruta, isiguse intaneti tena, isije ikaulizwa leseni na mtu asiyekuwepo. Iwashe mara moja tu, nenda kwenye video ulizohifadhi, zihamishie zote kwenye flashi, hata zile fupi. Ile ya goli la dakika ya mwisho, uliyoniambia huna haja nayo kwa kuwa ulifungwa wewe, mimi nina haja nayo. Andika kwenye karatasi toleo la mchezo linaloonekana kwenye skrini ya kwanza, namba zote na nukta zake.

Na lile gemu la jahazi la mwanao, ulilosema limetangaza kufungwa, bado lina seva hai. Hapo tuna nafasi ambayo kwa letu tuliikosa. Kuna programu zinazonasa mazungumzo kati ya mchezo na seva yake. Ukiyapata maswali na majibu yake kabla seva haijazimwa, mtu mwenye ujuzi anaweza kuandika seva nyingine ijibu vivyo hivyo. Mara nyingi mazungumzo yamefungwa kwa siri na kazi inakuwa nzito, lakini bila kuyanasa hakuna hata pa kuanzia. Nitakutumia maelekezo kesho, hatua kwa hatua, ukae na kijana mfanye pamoja. Na mrekodi skrini. Mwache atembee ndani ya jahazi lake apendavyo, usimharakishe.

Mwisho wa mwezi kuna jamaa wa Kuze anakuja likizo, nimeshazungumza naye, amekubali kuibeba mkononi, si kwenye mzigo wa chini. Ifunge kwa taulo mbili, pedi za kuchezea uziweke pembeni zisije zikakwaruza. Waya wa umeme usihangaike nao, ninao hapa dukani.

Nisalimie shemeji na watoto.

Nduguyo wa Kibokoni