Nyaraka za Kusini zipewe chumba Kusini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo, tangu tuanze kusikia habari za kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Lindi, sijamsikia mtu akiligusa. Tunaelezwa juu ya madarasa, maabara na mabweni. Maktaba nayo hutajwa, lakini kwa maana ya vitabu vya kiada na kompyuta. Ninachoomba mimi ni chumba kimoja ndani ya maktaba hiyo, au ndani ya maktaba ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris hapa Mtwara, kitakachotengwa kwa ajili ya mkusanyiko maalumu wa mikoa hii miwili: barua, madaftari, picha, ramani, kanda za sauti na miswada ya mkono, yaani vitu ambavyo kila kimoja kipo kimoja tu duniani na kikipotea hakuna duka la kukinunua.

Mwanafunzi wa huku anayetaka kuandika historia ya kwao kwa kutumia nyaraka zenyewe hana budi kufunga safari. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 18 kwa herufi za Kiarabu, ambazo ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya lugha yetu yanayojulikana, zimo katika makavazi ya Goa, India, kwa kuwa huko ndiko yalikokuwa makao ya utawala wa Wareno katika Bahari ya Hindi. Tarihi ya Kilwa ya Kiarabu, yaani historia ya masultani wa mji huo, imo British Library, London. Karatasi za wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, waliofungua kituo Masasi mwaka 1876, zimo Oxford. Majalada ya Wajerumani yamegawanyika: ya wizara yao ya makoloni yapo Berlin, na yale waliyoyaacha nchini yapo Dar es Salaam chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo hifadhi yake hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Hayo ya Dar es Salaam angalau yanafikika kwa basi.

Kila baada ya muda tunasikia mjadala wa mifupa ya mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, mkoani Lindi, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na wapagazi hadi bandari ya Lindi na kupelekwa Berlin. Siupingi mjadala huo. Ila naona ajabu kwamba mjusi amepata watetezi hata bungeni, na barua zilizoandikwa na wazee wetu wenyewe hazijapata hata mmoja.

Sidai kwamba asili za nyaraka hizo zirudishwe kesho. Nakala za picha zingetosha kuanzia, na maktaba ya chuo kikuu ikiandika barua rasmi ya kuziomba husikilizwa kuliko mwalimu mstaafu kama mimi. Linaloninyima usingizi ni zile ambazo bado zipo huku, katika makasha ya nyumba za Mikindani, Sudi, Mchinga na Kilwa Kivinje: nasaba, hotuba za Ijumaa, hesabu za majahazi, hati za mashamba ya minazi, vitabu vya dawa. Wengi wa wenye makasha hayo hawasomi tena Kiswahili cha herufi za Kiarabu, hivyo huheshimu karatasi hizo kama kitu kitakatifu au huzichoma kama takataka, na mara nyingi uamuzi hufanywa siku ya kugawana mirathi. Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi tunaujua leo kwa sababu ulichapishwa, kwanza Ujerumani mwaka 1933, kisha Afrika Mashariki mwaka 1957. Sidhani kama alikuwa mshairi pekee mjini Lindi.

Wala si karatasi za Kiarabu peke yake. Zipo rejista za mizani za vyama vya msingi vya korosho, zipo kumbukumbu za vijiji vya miaka ya 1970, na zipo simulizi za watu waliokulia Nachingwea, kwanza katika mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulioanza mwaka 1947 na reli yake ya kutoka Mtwara iliyokwisha kung'olewa, kisha jirani na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Kijana aliyekuwa na miaka 20 vita vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964 sasa amevuka 80. Walimu na wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walipokwenda vijijini mwaka 1968 kuwahoji wazee kuhusu Majimaji, miaka 63 ilikuwa imepita tangu pamba ing'olewe Nandete, kitendo kilichoanzisha vita hivyo dhidi ya Wajerumani. Waliwakuta wachache waliokumbuka kwa macho yao. Wangechelewa miaka 15 wangeandika ya kuambiwa.

Sasa niseme linalonihusu, kwani ndilo lililonifanya niishike kalamu. Baba yangu aliachiwa na babu barua 31 na daftari moja la hesabu za biashara ya nta na mtama. Akaja mtafiti, mtu mwenye adabu, akanywa kahawa kwetu siku tatu, akaomba barua hizo kwa wiki mbili akazinakili. Hakuna aliyeandikishana na mwenzake, kwa kuwa kumwandikisha mgeni aliyekula kwako kungeonekana kumtilia shaka. Hazikurudi. Sitataja jina lake wala chuo chake, na huenda yeye mwenyewe amekwisha kufariki na barua zetu zimo katika boksi ambalo hakuna ajuaye ni za nani. Tangu hapo, mtu yeyote akibisha hodi na kuuliza habari za karatasi za zamani, mtaani kwetu huambiwa hazipo.

Kwa hiyo chumba ninachokiomba kianze na hati ya makabidhiano kabla ya kununua rafu. Hati hiyo ieleze nani ametoa nini, kurasa ngapi, kwa kuazimisha au kwa kutoa moja kwa moja, nani aruhusiwe kusoma na nani asiruhusiwe, kwa sababu baadhi ya barua zina aibu za watu ambao wajukuu wao ni majirani zetu. Anayetaka kubaki na kasha lake apigiwe picha kurasa zake papo hapo, mbele ya macho yake, na kasha libaki chini ya kitanda chake. Nyaraka za familia moja zisichanganywe na za nyingine wala kupangwa upya kwa mada, kwani mpangilio aliouacha mwenyewe nao ni habari.

Najua jibu litakuwa fedha. Lakini adui mkubwa wa karatasi katika pwani hii ni unyevu, mchwa na mikono yetu, na sehemu kubwa ya kinga ni rahisi: rafu za chuma zilizoinuliwa kutoka sakafuni na kutengwa na ukuta, maboksi ya karatasi isiyo na asidi, utepe wa pamba badala ya mipira ya kufungia, pini na stepuli zote zitolewe kabla hazijashika kutu, na selotepu na lamineti zipigwe marufuku. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni ni hatari kuliko chumba chenye kupitisha hewa, maana karatasi hutanuka na kusinyaa kila siku na ukungu hupata nafasi usiku. Kama umeme wa saa zote haupo, bora feni na madirisha yenye wavu. Msomaji akae mezani mbele ya mkutubi, atumie penseli, na asitoke na kitu. Kisichoweza kuachwa ni mtu mmoja aliyesomea utunzaji wa nyaraka na mwingine anayesoma herufi za Kiarabu, na huyu wa pili si lazima awe na shahada. Walimu wa madrasa wenye ujuzi huo bado tunao.

Daftari la nta na mtama mtafiti hakulichukua, pengine kwa kuwa lilikuwa hesabu tupu. Lipo, kurasa 112, mchwa wamekula pembe moja. Chuo kitakachonionyesha hati ya makabidhiano yenye muhuri nitakipelekea mwenyewe, na nitangoja hapo hapo wakati likipigwa picha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara.