Injini ya saa 1,690

Wichita, Kansas

Sahibu yangu,

Salamu zako zimefika, na picha nimeziona zote. Nimefurahi kusikia shemeji ameridhia, maana wengi hukwamia hapo kabla hata hawajaiona ndege yenyewe.

Umeniuliza uchukue ipi: ile Cessna 172 ya 1966 yenye injini ya Continental O-300 iliyotimiza saa 1,690 za kazi tangu ilipofumuliwa na kusukwa upya, au ile ya 1974 yenye Lycoming O-320 ya saa 410 tu. Dalali wako anasema hapo hapana mjadala, chukua ya saa 410. Mimi nasema mjadala ndio kwanza unaanza.

Acha saa, tazama tarehe. Hiyo Lycoming ilifumuliwa 1996. Saa 410 kwa miaka yote hiyo hazifiki hata kumi na tano kwa mwaka, tena nina hakika hazikugawanyika sawasawa: ilirushwa mwanzoni, kisha ikasahauliwa bandani. Na banda lenyewe liko Florida, karibu na bahari! Wewe umekulia Tanga, unajua chumvi inavyoyafanya mabati.

Kwenye Lycoming, kamshafti, ule mtaimbo wenye nundu (kamu) zinazofungua vali, imekaa juu ya krenkishafti, mtaimbo mkuu unaozungushwa na pistoni. Injini ikizimwa, oili yote hushuka chini. Ikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, ule utando uliobaki juu ya kamu huisha, unyevu huingia, na kutu huanza kuchimba vishimo vidogo sana. Siku ukiiwasha, tapeti, vile vipande vinavyosukumwa na kamu, zinapita juu ya vile vishimo na kusagwa kama zimepigwa msasa. Unga wa chuma unasafiri na oili hadi kwenye beringi, na wewe rubani huoni kitu, saa zako 410 bado zinang'aa kitabuni. Hizi Continental ndogo, kamshafti iko chini ya krenkishafti, kwa hiyo hulowa oili mapema. Sisemi haziozi. Silinda zake hupata kutu kama za mwingine yeyote. Lakini mzee anayeiuza hii ya 1966 amefikisha saa 1,690 ndani ya miaka kumi na minne, maana yake hakuiacha ikalala.

Najua kinachokutisha. Kiwanda kimetaja saa 1,800, nawe umeshapiga hesabu kwamba zimebaki 110. Hiyo namba ni ushauri. Kwa ndege ya mtu binafsi asiyebeba abiria wa kulipa, sheria za FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, hazikulazimishi kufumua injini zikitimia. Zinakulazimisha ukaguzi wa kila mwaka. Mikononi mwangu zimepita O-300 zilizovuka 2,000 zikiwa bado zinavuta vizuri.

Ila sikiliza hapa, maana ndipo pesa zilipo. Injini hiyo inaweza kwenda saa nyingine mia tano, na inaweza kukufia mwezi ujao. Kaa na muuzaji ukihesabu kwamba injini imekwisha. Gharama ya kuifumua ikatwe kwenye bei, na akikataa, mwache na ndege yake. Hii ina silinda sita, si nne, na Continental waliacha kuitengeneza siku nyingi. Silinda zinapatikana, lakini krenkishafti nzima yenye afya ni ya kutafuta kwa tochi. Kama huna hata chanzo cha akiba ya kazi hiyo, bei ya kutupa isikudanganye.

Nenda asubuhi, na umwombe mzee asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa silinda kwanza. Zikiwa na joto, jiulize kwa nini. Injini hii iliundwa itumie mafuta ya oktani 80, na leo pampu nyingi zina mafuta ya ndege ya 100LL, yenye madini ya risasi mara nne hivi ya yale ya zamani. Risasi hiyo huganda kwenye plagi za chini na kwenye shina la vali. Ikiwaka ikiwa baridi, itetemeke dakika moja kisha itulie, shuku vali inayonata. Ikishapata moto huwezi kulijua hilo.

Halafu fundi wako apime kompresheni, yaani silinda zinavyoshika hewa, injini ikiwa na joto. Ataingiza hewa ya shinikizo la pauni 80 na kusoma kinachobaki. Akipata 72, vizuri. Akipata 60, msikimbilie kutoka. Sikilizeni hewa inatorokea wapi. Ikitoka kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi za pistoni. Ikitoka kwenye ekzosi, ni vali ya moshi, na hiyo ndiyo ya kuogopa, kwa sababu vali hiyo ikikatika angani silinda nzima inakwenda nayo. Apitishe kamera kwenye tundu la plagi autazame uso wa vali. Rangi yake iwe duara lililo sawa. Ukiona ukingo mmoja umebadilika peke yake, vali imeanza kuungua. Na kwa kuwa nyingi za O-300 hazina filta ila chujio la waya, alifungue na kupitisha sumaku.

Nimesema fundi wako. Si yule aliyekuwa akitia saini vitabu vya mzee, hata awe mcha Mungu namna gani.

Habari za bodi ya ndege nitakuandikia siku nyingine, ila reli za viti msizipite. Kwenye hizi Cessna za zamani kiti kimewahi kuteleza nyuma wakati ndege inanyanyuka, na rubani akauvuta usukani pamoja nacho. Pia agiza faili la ndege kutoka FAA, Oklahoma City. Bei yake ni ndogo, na ndani utakuta fomu 337 za matengenezo makubwa, labda hata ya bawa ambayo mzee kasahau kuyataja. Deni ambalo ndege imewekwa rehani kwa ajili yake nalo msajili atalionyesha.

Nitumie picha za kurasa za kitabu cha injini tangu ilipofumuliwa, si muhtasari wa dalali. Mpaka nizisome, usitoe amana.

Msalimie shemeji na watoto. Nikija, nataka kashata, si zile biskuti mlizonipa mara ya mwisho.

Sahibu yako wa siku zote