Mche wako wa yeheb haukui? Usiung'oe kwanza

Meseji tunayopata sana ni hii, jamani mche mlioniuzia, sasa huu ni mwezi wa tatu tangu niupande, uko palepale na vijani vyake vichache, niung'oe nipande kitu kingine? Tunakuomba usiung'oe, haujadumaa, unachimba. Yeheb, kichaka cha njugu za kuliwa, ikishaota inashusha kwanza mzizi mkuu chini kabisa kutafuta unyevu, huku juu huoni kitu, na ukiufukua kidogo tu kuangalia ukakata ule mzizi basi umeua mche uliokuwa mzima.

Ukijua kwao ni wapi utaielewa. Hiki ni kichaka cha Somalia ya kati na Ogaden kule Ethiopia, Wasomali wanakiita yicib, kwenye mchanga mwekundu ambako mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki hata milimita 400, na bado kinabaki kijani kiangazi chote wakati majani mengine yamekauka. Wafugaji wanakula njugu zake mbichi, za kuchoma au za kuchemsha, tamu hivi kama korosho, ngamia na mbuzi wanakula majani, na hayo majani yana rangi nyekundu inayoshika mikono mpaka mifupa ya mbuzi waliokula sana inageuka rangi. Sisi tunakipenda kwa moyo wote, na kinatuuma kwa sababu porini kinapungua, mifugo inakitafuna bila kupumzika, watu wanakata kuni, njugu zinachumwa zote hata hazijakomaa vizuri kwa hiyo hakuna inayobaki chini ikaota.

Sasa wewe ufanye nini. Kama unaweza, panda mbegu palepale itakapoishi, ndo njia tunayoiamini zaidi, ila iwe mbegu ya msimu huu maana ikikaa miezi kadhaa haioti tena, na zile za kula ulizonunua sokoni usijisumbue nazo, nyingi zimeshachemshwa au kuchomwa ili wadudu wasizitoboe. Ukichukua mche kwetu tunakupa kwenye kiriba kirefu, uupande mapema kabla mzizi haujagusa kitako na kuanza kujikunja, chana kiriba kwa wembe pembeni, usivute mche kwa shina. Udongo uwe wa kichanga unaopitisha maji, kwenye mfinyanzi unaotuamisha maji tunakwambia ukweli hatukuuzii. Mwagilia mwanzoni ila usiloweshe kila siku kama sukuma wiki. Na zungushia miba, mbuzi akiuona tu kwisha habari.

Njugu usizisubiri mwakani, hesabu miaka 3 au 4 na zaidi.

Kama una wasiwasi piga picha ya majani na udongo ututumie kabla hujagusa jembe, na ukija kuchukua miche njoo na kreti yenye kina, viriba vyetu vinasafiri vikiwa vimesimama, vikilazwa udongo unamwagika na mzizi unabaki uchi.