Barua kwa Mwanangu: Manjano ya Chunguni na Manjano ya Kidonge

Mwanangu Salim,

Assalam alaykum. Mamako ameniambia kuwa ultrasaundi imeonyesha ini lako lina mafuta, na kwamba tangu wiki iliyopita unameza vidonge vya manjano vyenye pilipili manga, viwili asubuhi na viwili usiku. Mimi hukuniambia. Nadhani ulijua nitakataa, na kweli nakataa, ila nisikilize kwanza.

Miaka 28 nauza viungo hapa Marikiti. Manjano, tangawizi, habasoda na unga wa mlonge ndivyo vilivyokusomesha, kwa hivyo usidhani nadharau mitishamba. Nasema kwa kuwa vipimo vyake navijua. Mamako hutia kijiko kimoja cha manjano kwenye mchuzi wa watu saba, na hata hicho mwili hauchukui sana, mengi hupita tu. Aliyetengeneza kidonge amekamua kiini cha manjano, kisha akaongeza kiini cha pilipili manga makusudi ili kiingie kwa wingi kwenye damu. Hapo si kiungo tena, ni dawa kali, na inapita kwenye ini lile lile linaloumwa. Mwaka 2019 Italia iliorodhesha watu waliopatwa na homa ya ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, na madaktari wa Marekani nao wameeleza visa kama hivyo. Kiini cha chai ya kijani, kile kinachouzwa kupunguza mwili, nacho kimewaharibia watu maini.

Haya sikuyajua zamani. Mwaka juzi mteja wangu wa siku nyingi aliingia dukani macho yamegeuka rangi, mkojo wake, alivyoniambia, kama chai ya rangi. Alikuwa amemeza vidonge kama vyako miezi mitatu kwa sababu kibandiko kilisema ni vya asili. Akaviacha, akatibiwa, Mola akamponya. Tangu siku ile kila daktari anayekuja kununua iliki kwangu namuuliza habari za ini.

Ile chupa yako ya pili, ya silimarini, kiini cha mmea kinachouzwa kama dawa ya ini, haijulikani kwa madhara makubwa, lakini tafiti zake hazikubaliani. Hakuna aliyethibitisha kuwa inaondoa makovu ya ini. Pesa zake ungenunua samaki wa wiki nzima. Na anayekwambia ana dawa ya kusafisha ini, mkumbushe kuwa Marekani yenyewe ilipitisha dawa ya kwanza ya ugonjwa huu Machi 2024. Inaitwa resmetirom, na ni ya wale ambao ini limeshaanza kuwa na makovu ya kiasi hadi makubwa, na bado wanaambiwa wale vizuri na watembee.

Wewe una kilo 90. Ukipunguza kilo 4 tu mafuta ya ini huanza kushuka. Ukifika 6 au 9, hata uvimbe wa ndani ya ini hupungua, na kwa wengine makovu pia. Polepole lakini, maana kujinyima kwa ghafla kunaliumiza ini. Anza na soda na sharubati za dukani, ziache kabisa. Mahamri kwa mbaazi kila asubuhi, punguza mahamri, mbaazi kula. Viazi karai vya jioni mimi mwenyewe ni mpenzi wavyo, najua ugumu wake. Pima sukari ya damu pia, kwa sababu kisukari na mafuta ya ini huenda pamoja.

Kuna kitu kimoja cha kwetu ambacho tafiti nyingi zinakitaja kwa wema: kahawa. Wanaokunywa vikombe 2 au 3 kwa siku mara nyingi huonekana na makovu machache ya ini. Si tiba, lakini ile kahawa chungu tuliyokuwa tukinywa na babu yako barazani baada ya Isha haina sukari wala maziwa. Kunywa hiyo, haluwa iache siniani.

Jumamosi baada ya Alasiri njoo na chupa zote mbili na karatasi ya hospitali. Vidonge viache leo, usingoje Jumamosi. Tutatembea kutoka Ngome mpaka Mama Ngina, turudi kwa miguu, kisha Jumatatu nikusindikize kwa daktari umwonyeshe ulivyokuwa ukimeza. Ukiona macho yamegeuka manjano au mkojo umekuwa mweusi kabla ya hapo, nipigie hata usiku wa manane.

Babako