Usimpake Rangi Juu: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba. Hapa Tanga hatujambo, na bibi yako anakuombea dua kila swala.

Nimeitazama michoro ya shujaa wa filamu yako ya katuni, binti wa Ngamiani anayeruka kutoka Raskazone kwenda kisiwa cha Toten. Wazo ni zuri mno, ndiyo maana sitakuficha: bado hajawa wa Ngamiani. Uso na nywele laini zinazopepea ni za mashujaa tuliozoea kuletewa. Umempaka kahawia tu juu yake.

Rudi kwenye ngozi. Ngozi nyeupe huupokea mwanga ukasambaa ndani kabla ya kutoka. Ndiyo sababu masikio ya wenye ngozi hiyo huwa mekundu jua likiwa nyuma yao. Ngozi yetu hunyonya sehemu kubwa ya mwanga huo, kwa hiyo kinachoonekana zaidi ni mng'ao wa juu. Basi usitafute kivuli kwa kuongeza nyeusi, maana uso utapauka kama wa mtu aliyeoga asijipake mafuta. Chukua kahawia iliyokolea yenye wekundu au zambarau kidogo, kisha weka mng'ao mwembamba wa rangi ya anga kwenye paji, mfupa wa shavu na ncha ya pua. Viganja na nyayo viwe vyepesi kuliko mkono. Wengi husahau hapo, na mtoto anayetazama hugundua mara moja.

Nywele za kipilipili hazipepei. Kama amesukwa twende kilioni, chora kwanza fuvu, halafu njia, ndipo misuko. Ukianza na misuko, akigeuza kichwa mistari yote itateleza kama kofia iliyolegea.

Joho lake lifanye kanga. Maua ya mji, yaani ya katikati ya kanga, na ya pindo yafuate mikunjo. Yakibaki bapa kitambaa kikikunjika, jicho linakataa. Jina la kanga lisomeke kwa sekunde mbili, yaani fremu 48 (fremu ni picha moja ya filamu), kwani kila mama wa Tanga atataka kulisoma.

Usiogope uchache wa michoro. Sekunde moja ni fremu 24. Mchoro mmoja ukikaa fremu mbili, unahitaji michoro 12 kwa sekunde, 720 kwa dakika. Katika filamu ya katuni Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018, shujaa kijana Miles Morales, ambaye baba yake ni Mmarekani mweusi na mama yake ana asili ya Puerto Rico, alihuishwa hivyo wakati bado anajifunza kuruka msituni, huku mwenzake mzoefu akipewa mchoro kila fremu. Ugeni wake ukaonekana kwenye mwendo wenyewe. Na Kihispania cha nyumbani kwao kimeachwa kisikike bila tafsiri chini ya picha. Mmoja wa waongozaji watatu, Peter Ramsey, mwaka 2019 akawa mwongozaji mweusi wa kwanza kutwaa Oscar ya filamu bora ya uhuishaji. Karibu zaidi na sisi, tazama mfululizo wa katuni Supa Team 4 wa 2023: mtunzi wake, Malenga Mulendema, ni Mzambia, na wasichana wake wanne wanaulinda mji wa Lusaka, wala si mji usio na jina.

Sasa sauti, na hapa ndipo ninapokusihi. Rekodi maneno kabla hujagusa mdomo. Chati za midomo, zinazoonyesha umbo la mdomo kwa kila sauti, unazozikuta mtandaoni zimepangwa kwa Kiingereza, ambacho maneno yake mengi huishia kwa konsonanti, mdomo ukafumba au ulimi ukaziba. Maneno yetu huishia kwa irabu: mdomo unabaki wazi neno linapokwisha. Kwenye m, b na p ufumbe kabisa, fremu mbili au tatu, kabla ya irabu kusikika. Ukichelewa, shujaa ataonekana kama anatafsiriwa. Mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kichwa kitikisike hapo: "nina-KU-ja". Wala usimsafishie lafudhi. Aongee kama wasichana wa Barabara ya Kumi na Mbili wanavyoongea.

Mchore upya kichwa tu: mbele, ubavuni, kisogoni. Kisha sekunde 10 za sauti na mdomo, michoro 120. Nitumie hizo kwanza, tuzitazame kabla hujaanza kumrusha baharini.

Mama yako