Kliniki wanapima uzito, waulize na usemi wa mtoto

Mhariri,

Nafundisha darasa la awali hapa Ujiji, Kigoma. Kila Januari napokea watoto wa miaka mitano ambao wazazi wao wanasikia kwangu kwa mara ya kwanza kwamba usemi wa mtoto una shida. Muda mwingi unakuwa umeshapotea.

Mwaka huu nina mvulana ambaye K zote kwake ni T. Kuku ni "tutu", kikombe ni "titombe". Wenzake walimcheka, na sasa nikimuuliza kitu ananyoosha kidole tu. Akili anayo, maana anapanga vizibo vya soda na kuvihesabu hadi ishirini bila kukosea. Shangazi yake ameniambia alikatwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, akiwa mdogo, wakaahidiwa kwamba ulimi utafunguka. Jamani! K inatamkwa kwa kuinua ulimi wa nyuma ukaguse kaakaa laini. Kukata kimeo hakumfundishi mtoto kuinua ulimi, kunampa kidonda na hatari ya kuvuja damu. Mtaalamu wa tiba ya usemi ndiye anayemfundisha kuuinua, kwa mchezo, mazoezi na subira.

Yupo pia binti ambaye sikio lake linatoka usaha mara kwa mara. Nikimwita nikiwa nyuma yake hageuki. Huyo wa kwanza kumwona ni daktari wa masikio, kwa sababu mtoto hawezi kutamka asichokisikia.

Nyumbani wengi husingizia Kiha. Wanasema mtoto amechanganywa na lugha mbili. Si kweli. Nusu ya mji huu tumekua na Kiha na Kiswahili na tunaongea bila shida. Unapohesabu maneno ya mtoto wa namna hii, hesabu ya lugha zote mbili kwa pamoja.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya ni dogo. Mtoto akiwa na miezi 18 anarudishwa kliniki kwa chanjo ya pili ya surua na rubella. Anawekwa kwenye mzani, kadi inajazwa, mama anaondoka. Hapo hapo mama aulizwe: anageuka ukimwita? Anasema maneno gani? Ukimwambia "lete kiatu" bila kumwonyesha kwa mkono, anakileta? Maswali hayo hayahitaji mashine. Majibu yakitia shaka, apimwe masikio mapema.

Halafu tuletewe wataalamu wa usemi mikoani. Tangu 2017 Muhimbili wanapandikiza vifaa vya kumsaidia kiziwi kusikia, na nawapongeza kwa moyo wote. Lakini baada ya upasuaji mtoto anahitaji mafunzo ya kusikiliza na kuongea kwa miaka. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Mama anayeanika dagaa Kibirizi atakwendaje huko mara kwa mara? Wataalamu hawa pia huwasaidia watoto wenye mtindio wa ubongo wanaopaliwa na uji, kazi ambayo watu wengi hawajui kama ni yao.

Sisemi kila mtoto lazima aongee kwa mdomo. Asiyesikia kabisa ana haki ya lugha ya alama, ambayo ni lugha kamili, na aanze nayo mapema kama wengine wanavyoanza kusema.

Wazazi wenzangu, mkae na mtoto uso kwa uso. Akisema "maji", mjibu "unataka maji ya kunywa?" kisha nyamaza umpe nafasi. Ukimwachia simu badala yako, haimsubiri ajibu. Na kama ametimiza miaka miwili na bado haunganishi maneno mawili, hata "mama maji", usisubiri aandikishwe shule. Mpeleke hospitali, uombe apimwe masikio kwanza.

Mwalimu wa darasa la awali,
Ujiji, Kigoma